Wakunga Wasio na Watoto

Thika, 4 Februari 1957

Mama Nafuna mheshimiwa,

Mimi ni Kagwe, karani wa shule ya wakunga ya hapa Thika. Hatujaonana. Kutoka kwetu hadi kliniki yako ya Ruiru ni mwendo mfupi tu wa gari moshi, lakini kitabu changu cha pasi kinaniruhusu kuishi na kufanya kazi Thika, basi. Kwa hiyo nakuamkia kwa kalamu, na natumaini hutaona ni utovu wa adabu.

Metroni wetu, bibi anayeongoza shule, ameniagiza nikueleze habari ya nafasi mpya. Mwaka jana shule ilikuwa na wasichana wanane. Mwaka huu ina ishirini na wanne. Serikali inataka wakunga wengi na inawataka upesi. Bweni limejengwa, madawati yameletwa kutoka kiwandani hapa hapa, hata taa zimeongezwa. Kilichobaki vile vile ni idadi ya akina mama wanaokuja kujifungua. Sheria inataka kila mwanafunzi azalishe mara kumi kwa mikono yake, mkunga akimsimamia, kabla watahini hawajafika mwezi wa Novemba. Asiyetimiza hufungiwa nafasi yake na kurudishwa kwao. Hospitali yetu inawatosha wale wanane wa zamani tu. Metroni ameamua hao kumi na sita waje kwako, wanne wanne kwa zamu.

Najua umekuwa peke yako hapo miaka mingi. Samahani sana kwa mzigo huu, na ahsante hata kabla hujajibu.

Katika wanne wa kwanza yumo Idah, ambaye ni mchangamfu, na Gathoni, ambaye ni mnyamavu. Huyu Gathoni hana tabia ya kuomba. Akisema ameshiba, tafadhali mwongezee. Nasema haya kama karani tu, kutokana na kumbukumbu za shule.

Ni mimi mtumishi wako,
Kagwe

*

Ruiru, 19 Februari 1957

Karani Kagwe,

Barua yako ililetwa na Yahya, dereva wa lori la dawa, imekunjwa ndani ya kofia yake. Hujambo. Mimi sijambo, ila chumba changu hakijambo kidogo tu. Wasichana nimewalaza stoo. Dawa zimehamia chini ya kitanda changu, na nikijigeuza chupa zinagongana kama harusi.

Ni watoto wazuri. Wananifuata wote wanne kama vifaranga, nikisimama ghafla wananigonga mgongoni.

Sasa nikuulize. Hizo kumbukumbu za shule zinajuaje msichana ameshiba au hajashiba? Gathoni akifikiri huvuta nyusi za jicho la kushoto kwa kidole. Yahya anasema yupo karani mmoja Thika anayevuta nyusi hizo hizo mpaka zimeanza kuisha. Sitauliza zaidi. Uji anapewa mara mbili.

Lakini tuna shida kubwa kuliko uji. Akina mama wa kijiji hiki hawataki wasichana wenu. Alipokuja wa kwanza kujifungua, alisindikizwa na Mama Waithira, ambaye ndiye msemaji wa wanawake hapa. Ana watoto wanane na hata askari wa lango la kijiji humwondokea njiani. Akawatazama wasichana, akaniuliza, "Hawa ni nani?"

"Wanafunzi, mama. Wamekuja kujifunza."

"Huyu ana mtoto?"

"Bado."

"Ameolewa?"

"Bado."

"Basi atoke. Wote watoke. Hapa si mahali pa wasichana."

Na wakatoka. Tangu siku hiyo nikizalisha, wao wako nje wanatazama mlango. Mimi ni Mbukusu, nina watoto wanne, sikuwahi kuulizwa. Sikujua kwamba kwa watu wenu asiyezaa hakai chumba cha uzazi. Wewe ni Mkikuyu. Mbona hukunionya?

Mama Nafuna

*

Thika, 25 Februari 1957

Mama Nafuna mheshimiwa,

Nimesoma barua yako nikiwa nimefunga mlango wa ofisi.

Sikukuonya kwa sababu sikujua. Mama yetu alifariki nikiwa mdogo na nikapelekwa kulelewa misheni, bweni la wavulana. Nilifundishwa mito ya Uingereza na hesabu za sehemu. Mambo ya chumba cha uzazi hakuna mtu wa kunieleza.

Umeona nimeandika "mama yetu". Ndiyo, Gathoni ni dada yangu. Hakupata nafasi kwa hila yangu. Alifanya mtihani kama wengine, nami sikugusa karatasi yake. Lakini kama nafasi zisingeongezwa, asingekuwamo. Nilificha kwa kuogopa watu watasema karani amemwingiza dada yake kwa mlango wa nyuma.

Nakueleza yaliyo moyoni. Gathoni akifungiwa nafasi hana pa kwenda. Hana kibali cha kuishi Thika. Chumba changu cha kupanga ni cha mtu mmoja, na askari wanakagua. Nyumba ya baba yetu ilivunjwa watu walipohamishiwa vijiji hivi vya kulindwa na askari, na mjomba aliyebaki amekwisha kumtafutia mume, mzee mwenye wake wawili. Stoo yako na bweni letu ndiko kwao.

Usiwe na wasiwasi kuhusu akina mama. Nimefikiri sana na nimeona njia ndogo. Nimewapelekea wasichana neno kwa mdomo wa Yahya. Naamini mlango utafunguliwa.

Kwa uji wa mara mbili, Mungu akubariki.

Kagwe

*

Ruiru, 11 Machi 1957

Karani Kagwe,

Mlango ulifunguliwa, ndiyo. Sasa umefungwa na kuwekewa jiwe.

Wiki iliyopita niliamka nikakuta stoo yangu ina akina mama wanne. Huyu Mama Tobias, yule Mama Nduku, hata sikuelewa. Nikadhani ni mchezo wao wa kike. Alasiri akaletwa mzazi, na Mama Waithira yuko naye. Idah akajitokeza mbele, kifua mbele kama chifu, akasema yeye naye ni mama, mwanawe anaitwa Tobias.

Mama Waithira akafurahi. Akamkaribisha wakae pamoja kitandani. "Ulimzalia wapi, mwanangu?"

"Nyumbani."

"Uchungu ulikuwaje?"

Idah akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Uchungu una hatua tatu."

Wanawake walicheka mpaka mzazi mwenyewe akashika tumbo akawaomba waache. Mama Waithira akafuta machozi, akamwambia, "Haya, hatua ya tatu ilikuwaje?"

"Ni kutoka kwa kondo la nyuma."

"Na kondo lenyewe liliwekwa wapi?"

Idah akajibu, "Kwenye ndoo."

Hapo kicheko kikafa. Nami nimeelezwa baadaye: kwenu kondo la mtoto hupelekwa kwenye ardhi isiyolimwa, likafunikwa kwa nyasi na nafaka, na hakuna mama anayesahau mahali hapo. Mama Waithira akainuka kitandani. Kisha akamgeukia Gathoni, akamuuliza na yeye mwanawe anaitwa nani.

Dada yako akasema, "Mimi sina mtoto, mama. Tuliambiwa tuseme hivyo."

"Na nani?"

Akanyamaza. Akaulizwa tena, akanyamaza tena. Unamjua.

Mama Waithira akaniambia mimi, si wao: "Msichana asiye na mtoto tungeweza kuzungumza habari zake. Lakini anayetaja mtoto asiyekuwepo, mahali ambapo mwingine anahangaika kumleta wake, huyo anaita nini?" Wakamwinua mzazi wakaenda naye kujifungulia nyumbani. Nilikwenda nyuma yao nikakaa nje ya mlango mpaka nikasikia mtoto analia. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja. Vitanda vyangu vitatu vimetandikwa kama vya wageni.

Watoto hawa hawakuota majina hayo wenyewe. Yahya nimemuuliza, akaanza kukagua gurudumu lisilo na kasoro. Niambie wewe.

Nafuna

*

Thika, 14 Machi 1957

Mama,

Ni mimi.

Niliwaambia kila mmoja achague jina la mtoto, ili akina mama wawaone kama wenzao. Nilidhani ni sharti tu, kama yale ya ofisini, ambapo ukijaza kinachotakiwa unapita. Sikufikiri kwamba kwa wale wanawake mtoto anayetajwa ni mtoto.

Sili vizuri. Unajua tuko wakati gani. Mimi ni kijana wa Kikuyu katika Hali hii ya Hatari, ambapo kila Mkikuyu anashukiwa, nami nimewafundisha wasichana wa serikali kusema uongo ndani ya kliniki ya serikali. Habari hii ikifika inakofika, hawatauliza nia yangu ilikuwa nini. Watachukua kitabu cha pasi, na Gathoni atabaki peke yake duniani.

Niko tayari kuacha kazi kama itasaidia wasichana. Tafadhali ukimaliza kusoma, washia jiko barua hii.

Nakushukuru kwamba hukuuliza mbele ya watu. Mwambie Gathoni namshukuru kwa kunyamaza, na zaidi kwa kusema alichosema kabla ya kunyamaza.

K.

*

Ruiru, 20 Machi 1957

Mwanangu Kagwe,

Kuni ninazo. Barua yako iko pamoja na dawa chini ya kitanda, na anayetaka kuisoma lazima kwanza aniinue mimi, kazi ambayo si ya askari mmoja.

Acha kusema habari ya kuacha kazi. Ukiacha, atakuja karani mwingine aliyesoma mito ya Uingereza.

Nilikwenda kwa Mama Waithira. Alikuwa anachambua maharagwe, akanisukumia nusu yangu, tukachambua. Sikumtetea mtu. Nilimwambia tu kwamba wasichana hawa wasipozalisha watarudishwa makwao, na mimi nikifa au nikichoka, hapa hakuna mkunga wa pili. Akaniuliza, "Mlipoongeza hao wasichana, mlimuuliza nani?"

Nikasema serikali iliongeza.

"Walihesabu vitanda?"

"Walihesabu."

"Walipima bweni?"

"Walipima."

"Na sisi ambao tutavuliwa nguo mbele ya watoto wa watu, ambao hawajazaa, alikuja nani kutuuliza?"

Kagwe, mimi nimefanya kazi hii tangu kabla ya vita vya Hitla, na swali hilo sikuwahi kuliuliza. Nimekuwa nikilalamika juu ya stoo yangu. Kumbe wanaotozwa ni hawa, na hakuna aliyewaambia bei.

Tulipomaliza maharagwe akasema masharti. Wasichana waanze kwa aliyekwisha kujifungua, si kwa anayejifungua. Wamtekee maji, wamfulie nguo za mtoto, wampikie uji, kama ambavyo mdogo wake angefanya. Mama huyo akiridhika atasema kwa wenzake, "Huyu ni wangu, aingie." Ambaye hakusemewa, hataingia. Hilo ni la kwanza.

La pili, aliyewatuma watoto wa uongo aje mwenyewe. Hataki mbuzi wala fedha. "Aje na miguu yake nimwone." Jina sikumtajia. Nilimwambia tu kwamba mtu huyo ana shida ya pasi. Akasema hata wao wana shida ya pasi.

Sikulazimishi. Usipokuja nitaelewa, na dada yako ataendelea kula kwangu. Lakini akina mama hawatakuja.

Mama Nafuna

*

Thika, 28 Machi 1957

Mama Nafuna,

Nimemwambia Metroni. Nilisimama mbele ya meza yake nikaeleza yote, na nilipofika kwa Tobias akanipa maji. Mwisho akasema alifikiri taabu ya nafasi mpya itakuwa matofali. Akaniandikia barua ya kuniombea pasi.

Kwenye ofisi ya D.O., inakotolewa pasi, nilimkuta karani mwenzangu, akaniuliza sababu ya safari. Nikasema kuomba radhi.

"Hiyo ni sababu ya safari?"

"Ni kazi ya ofisi," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayepima uzito, akagonga muhuri. Nimepewa siku moja, Jumamosi, kurudi kabla ya jua kuzama. Ni mara ya kwanza kutoka Thika tangu nilipoajiriwa.

Naogopa, lakini nakuja.

Kagwe

*

Thika, 1 Aprili 1957

Mama Nafuna mpendwa,

Jumamosi hatukupata muda wa kuzungumza. Ulikuwa ndani na yule mama aliyeletwa na mkokoteni kutoka shamba la kahawa, ukanipungia mkono mlangoni tu, una sabuni mpaka kwenye viwiko. Kwa hiyo acha nikueleze yale ambayo hukuyaona.

Nilikuwa nimekariri maneno tangu stesheni ya Thika. Nilivaa tai. Mama Waithira alinisikiliza mpaka "enyi akina mama waheshimiwa", akanikatiza. "Maneno yako ni mazuri. Yaweke. Chukua debe hili."

Akanivisha kamba ya ngozi kwenye paji la uso, ile ambayo wanawake wetu hubebea kuni na maji mgongoni. Sijawahi kumwona mwanamume amevaa kamba hiyo. Nikashuka mtoni nikapanda na maji ya mzazi wa kwanza, nikarudi kwa wa pili. Wanawake walikaa nje ya nyumba zao wakinitazama, tai imelowa. Pale langoni askari mmoja akaniita, "Karani, umezaa lini?"

Sijui jibu lilitoka wapi. Nilimwambia, "Bado. Nimeanza hatua ya kwanza."

Nikasikia nyuma yangu mwanamke mmoja ameangua kicheko, kisha wa pili, kisha wote. Mama Waithira hakucheka. Alingoja niteremshe debe, akanivua kamba mwenyewe, akasema, "Sasa omba."

Niliomba kwa maneno machache. Nilisema nilitaja watoto ambao hawapo kwa sababu sikujua thamani ya kutaja, na kwamba hakuna aliyekuja kuwauliza, na mimi ndiye ninayewauliza sasa, ingawa nimechelewa.

Akaniuliza, "Huyo Tobias ulimtoa wapi?"

"Kichwani mwa Idah, mama. Lakini mimi ndiye niliyemtuma amtafute."

"Basi mrudisheni huko huko, abaki." Kisha akaniuliza mama yangu aliitwa nani. Nilipomtajia, akasema wanawake wawili hapo kijijini waliolewa kutoka upande ule ule, na kwamba nisipite Ruiru tena bila kusalimia.

Gathoni alikuwa mtoni anafua nguo za mtoto. Tulitazamana. Alama ya kamba ilikuwa bado kwenye uso wangu, akauficha uso ndani ya kitambaa alichokuwa anafua, mabega yanacheka.

Mama, nimeishi kwa kuogopa muda mrefu hata nilifikiri ndiyo adabu yenyewe. Sasa hivi nimeketi ofisini, shingo inauma, na nasema ahsante. Ungeweza kunitaja siku ile ya kwanza.

Mwanao,
Kagwe

*

Ruiru, 7 Juni 1957

Mwanangu,

Usikasirike kwa ukimya wangu. Vitanda vyangu vitatu sasa vina wateja, na wengine wanalala kwenye mkeka. Miguu imevimba, nimeanza kuvaa viatu vya marehemu mume wangu. Zamu ya pili ya wasichana imefika kabla ya ile ya kwanza kuondoka, na nayo imeanzia mtoni, kwenye madebe. Mama Waithira ndiye anayewapangia. Ananiambia mimi tu akishapanga.

Idah alifua wiki nyingi kuliko wote, kwa sababu ya ndoo. Juzi mama mmoja amemsemea. Alilia sana, akarudi kufua.

Lakini nimekaa kuandika kwa ajili ya Gathoni. Jumanne binti yake Mama Waithira alishikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mama Waithira alimleta mwenyewe. Wasichana walikuwa wamejipanga ukutani kama kawaida yao. Akawapita, akafika kwa dada yako, akasema, "Wewe uliyekataa kudanganya. Njoo."

Nilisimama nyuma, mikono yangu nimeifunga mgongoni kwa aproni ili isije ikakimbilia kazi. Kuna wakati kichwa cha mtoto kilisita, na Mama Waithira alinitazama mimi. Gathoni hakunitazama. Alisubiri, akaongea na yule binti polepole, na mtoto akaja kwenye mikono yake kama kitu kilichoahidiwa. Nje wakapiga vigelegele vitano, maana ni wa kiume.

Baadaye Mama Waithira alimchukua dada yako, wakaenda wawili mpaka ng'ambo ya mashamba. Gathoni amerudi na magugu kwenye soksi. Sikumuuliza mahali, na wewe usimuulize.

Nimechoka, Kagwe, lakini ni uchovu ninaoshukuru. Nilizoea kuwa peke yangu nikadhani napenda.

Mama Nafuna

*

Thika, 2 Desemba 1957

Mama yangu Nafuna,

Watahini wamekwisha kwenda. Katika kumi na sita, kumi na wanne wamefaulu. Wawili hawakufikisha kumi, nafasi zao zimefungwa na wamekwisha kurudi kwao. Niliwasindikiza stesheni nikawabebea masanduku. Gathoni amefaulu, na Idah pia. Gathoni ataanza kazi Januari, na ameomba mwenyewe aletwe Ruiru. Metroni amekubali. Utampokea kama mkunga wa pili, na stoo itarudi kuwa stoo.

Mfikishie Mama Waithira na wenzake shukrani zetu. Nimejaribu kuziandika kwa barua ya ofisi, yenye muhuri, nikaichana mara mbili. Nitakuja kuzisema.

Kuna neno moja zaidi. Jana Metroni aliniita akanipa karatasi niipige taipu. Mwakani serikali inataka wasichana arobaini. Barua ilikuwa ya kwako, kukuarifu kwamba watakuja kwa zamu, wanane wanane. Niliiweka kwenye mashine, nikaitoa. Kisha nikainuka nikarudi ofisini kwake, karatasi mkononi.

Nikamwambia, "Bibi, hii siwezi kuipiga bado. Kuna watu hawajaulizwa."

"Nafuna atakubali," akasema.

"Mama Nafuna atakubali, bibi. Ninaowasema ni akina mama."

Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta, akauliza gari moshi la asubuhi linaondoka lini. Tunakuja Jumamosi, yeye na mimi, na pasi yangu ameiomba kwa mkono wake. Alipokuwa anafunga droo akaniuliza kama nadhani akina mama wa Ruiru watasema ndiyo.

Nikamjibu kwa heshima kwamba sijui, na kwamba ndiyo maana tunakwenda.

Mwanao anayekushukuru,
Kagwe